Mkono Nilioazimisha

Nyinyi vijana munaoanza kazi katika nyumba za vitabu na makumbusho hapa London, na nasikia sasa muko wengi, wa visiwani na wa bara, hebu kaeni kitako munisikilize. Sikuandika haya ili munisifu. Nimeandika kwa sababu nimestaafu, na kiti changu atapewa mtu, na huenda akawa binti wa mmoja wetu. Wengine wakistaafu huandika walipandishwa cheo lini na walikuwa wakilipwa kiasi gani. Mimi hayo siyataki. Nitasema nilichofanya, nani kanifundisha, na kilichonifuata nyumbani.

Skuli nilisoma kule Wete, tena sikuimaliza. Kurani nimehitimu, Kiswahili nakiandika, na Kiingereza changu ni cha kazini na cha kugombana na watu wa nyumba za manispaa. Anayetafuta maneno makubwa humu hatayapata.

Niliingia pale kama mfagiaji. Kampuni ya usafi ilikuwa ikitutawanya kwenye majengo, na mimi nikaangukia jengo la matofali mekundu nyuma ya stesheni ya Farringdon. Wakaniambia ni nyumba ya vitabu. Nikadhani ni kama maktaba yetu ya Ilford, watoto wanakimbizana na wazee wamekuja kuota joto. Kumbe kule mtu akipiga chafya, wote wanainua vichwa. Vitabu vyao ni vya zamani sana, vimeandikwa kwa mkono juu ya ngozi za ndama na kondoo, na ukiingia chumbani humo asubuhi unasikia harufu ya zizi kwa mbali.

Aliyekuwa akivitayarisha vitabu kwa wasomaji ni Bi Doreen, mwanamke wa Kiingereza, mzaliwa wa East London, mwembamba kama ufagio, na sweta lake la rangi ya majivu halimtoki mwilini hata kiangazi. Alikuwa akivilaza juu ya mito ya sponji na kuzituliza kurasa kwa nyoka. Musiogope, nyoka ndivyo walivyokuwa wakiviita vile vikamba vya kitambaa vilivyotiwa shanga za risasi ndani. Kila alichokifanya alikifanya kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikaa mfukoni mwa sweta, na chai akinywa hivyo, na mlango akifungua hivyo. Nikajisemea ni mkono mbovu, na ubovu wa mtu hauulizwi.

Siku moja nilikuwa nakamua kitambaa cha kufutia rafu, akasimama mbele yangu akasema nimuoneshe mikono. Nikadhani kaibiwa kitu. Nikaikunjua yote miwili. Akaitazama, akaniambia niinyooshe, nikainyoosha, akatoka, akarudi na chai yake, mimi bado nimeinyoosha. Akasema haitikisiki. Nikamwambia itatikisika vipi, nimeshona kofia za viua, zile za kutarizi kwa sindano, toka sijabaleghe, na ukitikisika sindano moja tu kofia nzima inakwenda upande. Hakujua kofia ya viua ni nini, lakini alielewa.

Wiki ile ile nikaitwa kukaa kwenye kiti kirefu, kiwiko cha kushoto juu ya mfuko wa mchanga, vidole vimepangwa vile alivyonipanga yeye. Nikamuuliza nishike nini.

"Hakuna kitu, mpenzi," akasema. Huku wanamwita kila mtu mpenzi, hata dereva wa basi. "Shika hicho hicho."

Ndiyo ikawa kazi yangu mpaka nikastaafu.

Sasa niwaeleze kitabu. Si kikubwa, ni kama msahafu wa mfukoni, ila mnene. Maandishi yake hakuna ajuaye kuyasoma. Si Kilatini, si Kiarabu, si Kiyahudi, na wamekuja watu na mashine zao na kompyuta zao wakarudi kama walivyokuja. Kila ukurasa una picha za watu waliosimama safu moja, wake kwa waume, wamevaa kanzu ndefu, na kila mmoja kashika kitu kwa mkono wa kushoto. Kitu gani, ndiyo kazi yenyewe. Mchoraji alipaka nguo zao vizuri, nyuso zao vizuri, lakini kile kilichomo mkononi kakichora kama mtu asiyetaka kukitazama. Mstari mmoja wa hudhurungi, chovyo moja la kijani, basi. Sisi tulikiita Kitabu cha Mikono. Na nyuso zile, munisamehe, sikuwahi kuzipenda. Ni nyuso za watu waliochoka kusimama.

Mkuu wa kazi alikuwa Daktari Lowe. Si daktari wa kutibu, ni wa kusoma. Mpole, mrefu, viatu vyake havilii sakafuni. Yeye ndiye aliyebuni njia ile ya kufanya kazi. Alisema kitu chenyewe kimechorwa vibaya lakini mkono umechorwa vizuri, basi tuanze na mkono. Mkono wa mtu hukaa kwa namna ya kile ulichoshika. Anayeshika yai hakunji vidole kama anayeshika mchi. Kwa hiyo mtu hai anakaa, mkono wake unapangwa sawasawa na wa pichani, taa inawekwa ubavuni ili kila kivuli kionekane, wanapiga picha, halafu wanaleta kasha la vitu. Kasha lile mungelipenda: funguo za kizamani, zile pia za kusokotea uzi, vichupa, pembe, kengele, kibuyu, kichwa cha ua la poppi kilichokauka. Wanatia kimoja kimoja kiganjani mwangu na kutazama kipi kinakaa kama cha pichani. Mkono ulikuwa wangu kwa sababu nilikuwa mdogo wa vidole kama wale watu, na kwa sababu natulia. Nilifurahi kuwa wanataka wa kushoto. Wa kulia nna haja nao, wa kushoto nikasema waazime watakavyo.

Wageni wakija kila mmoja na lake. Kuna bwana mmoja alisema mwanamke wa ukurasa wa mwanzo kashika pia ya uzi, na haki ya Mungu anamjua mpaka jina. Bibi mmoja kutoka mbali akasema ni samaki. Kuna aliyesema ni kabichi, na Bi Doreen akamuuliza kama amekula chakula cha mchana. Padri mmoja mstaafu aliona msalaba katika kila mkono, na fundi wa mabomba aliyekuja kutazama rediata ya kupasha chumba joto aliona kifaa cha kuzibulia sinki, na mimi nikaona yule fundi angalau kasema haraka akaondoka. Kasha zima tulilimaliza mara nyingi. Kitu kinakaa kwa vidole vinne, kwa gumba kinakataa. Kila mara gumba.

Bi Doreen alikuwa na masharti yake. La kwanza, usiseme unaona nini. Sema vidole vimekaaje, nyamaza. La pili, ukimaliza, kabla hujatoka chumbani, nenda kwenye sinki, kipindue kiganja kitazame chini, ukung'ute mkono mpaka uusikie mwepesi. Nikamuuliza kwa nini, akasema ni kwa ajili ya damu kutembea. Lakini yeye aliukung'uta hata siku ambazo hakukaa kitini. Kila jioni, sweta limekunjwa, mkono wa kushoto unatoka mfukoni kwa muda ule tu, unakung'utwa juu ya sinki kama mtu anayeondoa siafu, unarudi mfukoni. Nikaona, nikanyamaza. Na mimi, niseme kweli, ilikuwa kila nikikaa sana na ile hewa kiganjani, mwisho hewa ile ilikuwa na uzito. Si uzito wa kuchoka. Uzito wa kuchoka uko begani. Huu ulikuwa kiganjani, katikati, na ulikuwa na joto kidogo, kama kitu kilichokuwa mkononi mwa mtu mwengine sasa hivi.

Jambo la gumba alilifumbua Daktari Lowe mwenyewe. Mchana mmoja kakaa muda mrefu na zile picha za mkono wangu, akaniomba nishike kikombe. Nikashika. Akaniambia sasa mpe Doreen. Nikampa, na Bi Doreen akakipokea kwa wa kulia. Akasema rudia. Akaninyooshea kidole kwenye gumba langu: nikiwa nashika, gumba linafunga juu. Nikiwa natoa, gumba linafunguka, linakwenda pembeni kabla hata mwenzangu hajakigusa.

"Hawa hawajashika," akasema. "Wanatoa."

Tukatazama kitabu upya. Kweli, safu nzima, kila gumba limefunguka. Na wote wanatazama mbele, hawatazamani. Wanatazama nje ya ukurasa. Daktari alifurahi sana siku ile, alituletea keki. Bi Doreen hakula keki. Alisema kichwa kinamuuma.

Ukurasa wa mwisho wa kitabu kile una mtu mmoja tu. Mwanamke. Kanzu ile ile, uso ule ule wa kuchoka, mkono wa kushoto umenyooshwa na gumba limefunguka, na kiganjani hamna kitu. Hapajafutika, walishatazama kwa taa za kila namna. Hakijapata kuchorwa. Daktari akawa anataka mkono ule nao upangwe na kupigwa picha, ili safu ikamilike. Bi Doreen akawa anakataa. Mara taa mbovu, mara kitabu kimechoka, mara mimi nimechoka. Daktari hakuwa mtu wa kulazimisha. Ikapita miaka hivyo, mpaka Bi Doreen akastaafu akahamia pwani ya Essex, peke yake. Siku ya kuagana aliniambia nishike nitakacho humo ndani, ukurasa wa mwisho niuache. Hakuniambia sababu. Na mimi sikuwa na sababu ya kumpa Daktari, na kazi ni kazi. Ukapangwa mwaka uliofuata, mwisho wa Ramadhani.

Kabla sijafika hapo, niwajulishe watu wa nyumbani kwangu. Nakaa Ilford na mwanangu Salma, na mumewe Hamadi anayefanya kazi maghala ya Hayes, na mtoto wao Nassra, ambaye wakati huo ndiyo kwanza kaanza skuli. Nassra Kiswahili anakisikia chote, lakini kukisema hataki. Ukimuuliza kwa Kiswahili atakujibu Kiingereza, hata kama unamuuliza anataka halua. Na ni mtu wa mashoto. Kwetu mtoto wa mashoto hurudishwa: akipokea kwa kushoto, unakirudisha kitu nyuma mpaka atoe wa kulia. Mama yangu alinifanyia hivyo, nami nikamfanyia Salma. Lakini mwalimu wake alimwita Salma akamwambia mtoto asilazimishwe, atapata kigugumizi. Salma akaja kunisomesha. Nikasema haya, mtoto ni wenu. Basi Nassra akawa anakula kwa mkono wa kulia mezani, maana hapo sikukubali, na mengine yote kwa kushoto.

Sasa siku yenyewe. Nilikuwa na saumu, mkono umepangwa, kitabu kimefunguliwa mbele yangu ukurasa wa mwisho, na yule mwanamke ananitazama. Daktari aliniambia nitulie, akaenda nyuma ya kamera. Uzito ulikuja mapema kuliko siku zote. Haukuja polepole kama nilivyozoea. Ulikuja mara moja, kama unavyopewa kitu, na mkono wangu ukashuka kidogo. Daktari akasema, "Usishushe, tafadhali." Nikasema sikushusha.

Hapo ndipo kengele ya moto ilipolia. Kwenye jengo lile kengele ikilia huruhusiwi kuchukua hata koti. Mlinzi alitutoa wote mpaka njiani, na tukasimama pale na mvua yetu ya London, na baadaye wakasema ni kibaniko cha mkate huko chini, lakini hawakutufungulia tena siku ile. Kwa hiyo sikupita kwenye sinki. Niliukung'uta mkono hapo hapo kando ya njia, mtu na mwanawe wakanipisha. Haukuwa mwepesi. Nikapanda treni nikaenda zangu nyumbani kupika, maana mwezi ulikuwa unatazamiwa.

Mwezi ukaandama. Salma akanitia hina. Mimi sipakwi maua, mimi mtu mzima, napakwa kiganja chote na ncha za vidole, nafungwa kitambaa, nalala. Munajua mtu aliyetiwa hina hashiki kitu. Hata maji ananyweshwa. Nikalala mikono imefungwa kama mgonjwa.

Asubuhi Salma akanifungua. Wa kulia umekolea vizuri, mwekundu kama tofali. Wa kushoto umekolea pia, ila katikati ya kiganja pana pahala hina haikushika. Peupe. Si doa, pana umbo, na kingo zake zimekatika safi kama kitu kilikuwa kimekaa pale wakati hina mbichi. Kirefu kidogo, upande mmoja kimevimba, upande mmoja kimepinda shingo.

Salma akacheka. "Mama, ulilala na nini mkononi? Na mimi nilikufunga mwenyewe."

Hamadi akapita na kanzu yake ya Idi, akasema labda mama kaficha kipande cha andazi. Wakacheka wote. Nassra hakucheka. Alikuja akasimama mbele yangu, akakitazama kiganja, si kama unavyotazama doa. Alitazama juu yake kidogo, pale ambapo kitu kingekuwa kama kingekuwepo. Akaniuliza kwa Kiingereza chake kama nitampa yeye. Nikamwambia nenda kavae viatu.

Baada ya Idi nikamwonesha Daktari. Alitoa picha za kitabu akaziweka pembeni mwa mkono wangu. Halafu akasema bahati huwa na michezo yake, kitambaa kilikunjwa vibaya, mtu akitafuta umbo ataliona popote. Aliyasema hayo yote kwa upole, na wakati anayasema alikuwa amekwisha kukifunga kitabu na kukirudisha kwenye sanduku lake. Ukurasa wa mwisho hakuugusa tena, na ile picha ya mkono wangu hakuitia katika kazi yake. Sikumwona kuwa mjinga. Nilimwona mtu mwenye akili aliyejua pa kusimama.

Shehe wa msikiti wetu naye alinisomea. Akaniuliza kama nasikia sauti, nikamwambia mimi sauti ninayoisikia ni ya Salma tu. Akaniambia nishike nyiradi zangu. Nimeshika. Sisemi ni jini, wala sisemi si jini. Hina ikafifia, uzito haukufifia.

Nikaenda Essex kumtazama Bi Doreen. Nilimkuta na sweta lile lile, nyumba safi, hakuna picha ya mtoto ukutani. Alinitilia chai kwa wa kulia. Nikaweka mkono wangu mezani, kiganja juu. Hakuuliza. Alitoa wake wa kushoto mfukoni, mara ya kwanza nauona umetulia, akauweka karibu na wangu. Haukuwa mbovu. Ulikuwa mkono mzima wa mtu mzima, umenyooka, na gumba limefunguka.

Akanihadithia kwa maneno machache. Alipokuwa msichana, kabla ya wakati wa Daktari Lowe, alijaribu ukurasa ule kwa mchezo, kuuiga tu. Toka hapo mkono ukiachwa wenyewe hujinyoosha. Watu wazima hawaoni kitu. Watoto wanaona. Dada yake alikuwa na mtoto wa kike, na alimkuta mtoto yule amesimama mbele yake, anatazama kiganja, anataka kupokea.

"Ukafanya nini?" nikamuuliza.

"Sikwenda tena kwa dada yangu," akasema. Akakoroga chai yake. "Una mtoto nyumbani?"

Nikamwambia yuko.

"Basi hama."

Nikamuuliza akipokea inakuwaje. Akasema hajui, na hakutaka mtoto wa dada yake ndiye amjulishe. Lakini wale wa kitabuni, akasema, wa kwanza kuchorwa alikuwa mmoja, na sasa tazama safu yao ilivyo ndefu.

Nilirudi na treni nikiwa nimeukalia mkono. Nikafikiri sana. Kwao mtu akiogopa kitu hujitenga akakaa nacho peke yake mpaka afe, na mimi namheshimu Bi Doreen, maana alimkinga mtoto kwa maisha yake yote. Lakini kwetu hilo haliwezekani. Ukijifungia chumbani watauvunja mlango wakuletee uji. Na nilijua kingine ambacho yeye hakuwa nacho. Nyumba yangu ni nyumba ya watu wasiotoa wala kupokea kwa kushoto. Hamadi hata kijiko hakipokei. Salma nilimkunja mwenyewe. Kwa watu wale mkono wangu wa kushoto ungeweza kunyooka mpaka kiama wasiupokee, bila hata kufikiri. Mlango uliokuwa wazi ni mmoja tu, na ulifunguliwa na mwalimu, kwa nia njema.

Kazini nilibakia mpaka muda wangu wa kustaafu ukafika, lakini si kitini. Nikashika vitabu vingine, nyoka na sponji, mkono wa kushoto mfukoni. Wenzangu wapya walinyamaza, kama na mimi nilivyonyamaza zamani. Walinipa kadi na maua. Sanduku la Kitabu cha Mikono liko rafu yake, na Daktari Lowe naye karibu atatoka, na atakayekuja nyuma yake atakuwa kijana mwenye hamu, na ataona safu haijakamilika. Ndiyo maana nawaandikia. Akikwambia kaa na ukurasa wa mwisho, mwambie kazi nyengine yoyote utafanya, hiyo huifanyi. Kama atakufukuza, akufukuze. Utapata kazi Stratford, madukani, utauza viatu.

Sasa la mwisho. Ni baada ya kustaafu, Jumamosi mchana, nimekaa sebuleni nashona kofia ya Hamadi. Salma yuko jikoni anakaanga samaki. Usingizi ukanichukua kidogo, ule wa watu wazima, shingo imelala. Nilipofumbua macho, kofia iko chini. Mkono wangu wa kushoto umenyooka mbele yangu, kiganja juu, gumba limefunguka. Na Nassra kasimama mbele yangu, wima, tulivu, hajapata kutulia vile toka azaliwe. Ameutoa wake wa kushoto. Kati ya vidole vyake na kiganja changu pangepita uzi wa kofia, si zaidi. Uso wake ulikuwa umechoka.

Akasema kwa Kiswahili. Mtoto yule ambaye halua yenyewe anaiomba kwa Kiingereza, alisema kwa Kiswahili kilichonyooka, cha mtu mzima:

"Nipe basi, bibi. Nimesimama sana. Sasa zamu yangu."

Nikaukamata mkono wangu wa kushoto kwa wa kulia, nikaukalia, na kukalia mkono wako mwenyewe unaokataa si kazi ndogo kwa mtu wa umri wangu. Nikamwambia Nassra rudisha mkono nyuma. Hakurudisha. Nikaokota kofia kwa wa kulia, nikamnyooshea. Nikamwambia pokea hii, kwa wa kulia. Akaitazama kofia. Akanitazama mimi. Nikasema tena, kwa sauti ile ile aliyonisemea mama yangu, na nikakirudisha kitu nyuma kila mkono wake wa kushoto ulipokuja, nyuma tena, nyuma tena, mpaka wa kulia ukanyanyuka. Akapokea. Akalia, kilio cha kawaida cha mtoto, akamwita mama yake kwa Kiingereza.

Salma akaja na mwiko mkononi, akasema, "Mama, mwalimu alisemaje?" Nikamwambia mwalimu namheshimu, akamwite Hamadi. Hamadi akashuka. Nikawaweka kitako wote watatu, nikawapa amri, na mpaka leo ndiyo amri ya nyumba hii:

"Humu ndani hakuna mtu atakayetoa wala kupokea kwa kushoto, mkubwa wala mdogo. Na mimi nikikunyoosheeni wa kushoto, nikiwa macho au nimelala, nikiwa mzima au niko kitanda cha kufia, hata nikilia, hata nikikuapizeni, musipokee."